Benchi la Nyuma: Walimu Wanafunzi na Somo la Kiingereza katika Historia ya Mara

Katika mfumo wa elimu wa Tanzania, mwalimu mwanafunzi ni mtu aliyejiunga na chuo cha ualimu au chuo kikuu ili ajifunze kazi ya kufundisha, na ambaye kabla ya kuhitimu hupelekwa katika shule halisi kwa majuma kadhaa ya mazoezi ya kufundisha, ambayo wakufunzi na wanachuo wamezoea kuyaita BTP, kifupi cha Block Teaching Practice. Mazoezi hayo yana sehemu mbili zisizolingana kwa heshima. Ya kwanza ni utazamaji wa vipindi, yaani mwalimu mwanafunzi kuketi nyuma ya darasa, daftari mkononi, akifuatilia jinsi mwalimu mwenyeji anavyolianzisha somo, anavyouliza maswali, anavyosahihisha makosa na anavyohitimisha. Ya pili ni ufundishaji wenyewe, ambapo mwanafunzi huyo huandika andalio la somo, hushika chaki na kusimama mbele ya darasa huku mkufunzi wake akimtathmini. Sehemu ya pili ndiyo inayotolewa alama na ndiyo inayokumbukwa, ilhali ya kwanza mara nyingi hupita kama siku chache za kukaribishana na kuonyeshwa mazingira ya shule.

Historia ya Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, inafundisha kwamba sehemu hiyo ya kwanza ndiyo iliyostahili kulindwa zaidi. Katika eneo hili na nchini kwa jumla, kila mara elimu ilipopanuliwa kwa haraka, shule zilipungukiwa walimu, na muda wa kutazama ndio uliokatwa kabla ya mengine yote. Kwa masomo mengi hasara hiyo ilikuwa kubwa, lakini kwa somo la Kiingereza ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa anayefundisha lugha ya kigeni hufundisha kwa kinywa chake mwenyewe, na kinywa hicho nacho kilifundishwa na mwalimu mwingine ambaye huenda naye hakupata nafasi ya kutosha ya kumtazama aliyebobea. Upungufu wa kizazi kimoja cha walimu hurithiwa hivyo na kizazi kinachofuata.

Ardhi ya lugha nyingi

Mkoa wa Mara, ulioanzishwa mwaka 1963 kutokana na sehemu ya lililokuwa Jimbo la Ziwa, umepakana na Ziwa Viktoria upande wa magharibi na Kenya upande wa kaskazini. Musoma, makao makuu yake, umejengwa juu ya rasi yenye mawe makubwa inayoingia ziwani. Bunda uko kusini, kwenye barabara inayotoka Mwanza, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Na Butiama iko bara, katika vilima vya Wazanaki, ambako mwaka 2012 ilipewa hadhi ya wilaya kwa kumegwa kutoka wilaya ya Musoma Vijijini.

Watu wa eneo hili huzungumza lugha nyingi kwa kulinganisha na udogo wake. Wakwaya wako pembezoni mwa Musoma, Wajita wamekaa kandokando ya ziwa kutoka Majita hadi pande za Bunda, Wazanaki wako Butiama, Waikizu na Wasizaki wako Bunda, na kaskazini zaidi wako Wakurya pamoja na Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu bali ni ya jamii ya Kiniloti. Kwa sababu hiyo, mtoto wa kijijini hapa hufika kwenye Kiingereza baada ya kuvuka lugha mbili: ya nyumbani, kisha Kiswahili cha shule, soko na stendi ya mabasi. Jambo hili ndilo msingi wa yote yanayofuata, kwa maana mwalimu mwanafunzi anayekaa kwenye benchi la nyuma katika shule ya sekondari ya Bunda au Butiama anatazama watoto ambao kwao Kiingereza ni lugha ya tatu, wakitumia vitabu ambavyo mara nyingi vimeandikwa kana kwamba ni ya pili.

Shule za misheni na Mwisenge

Elimu ya kimagharibi iliingia Mara kwa njia ya misheni kabla serikali haijaitilia mkazo. Mapadri wa White Fathers walianzisha misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911; Waadventista Wasabato walijenga vituo vyao Majita na Ikizu; na Wamennonite kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934. Katika vituo vya namna hiyo kotekote Tanganyika, mwalimu wa kwanza wa kijiji alikuwa katekista, yaani Mkristo mwenyeji aliyejifunza kusoma na kuandika kwa mmisionari, akakaa karibu naye kwa muda, kisha akapelekwa kijijini kuendesha shule ndogo chini ya mti au ndani ya kanisa la nyasi. Mafunzo yake ya ualimu yalikuwa ni yale aliyoyaona, na alifundisha kama alivyofundishwa. Mtindo huu ulikuwa na nguvu yake, kwa kuwa ulijengwa juu ya kutazama. Udhaifu wake ni kwamba aliyetazamwa hakuwa amefunzwa ualimu, na hakuna aliyemsaidia mtazamaji kuyachambua aliyoyaona.

Serikali ya Waingereza, iliyoichukua Tanganyika kwa mamlaka ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, iliunda Idara ya Elimu mwaka 1920. Tume ya Phelps-Stokes, iliyodhaminiwa na mfuko wa Kimarekani na kuzuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilihimiza elimu iambatane na maisha ya vijijini na lugha za wenyeji zitumike katika madarasa ya chini. Wajerumani walikuwa wamekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya utawala na ya shule za serikali, na Waingereza waliurithi msingi huo, wakaunda Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930 ili kukisanifisha Kiswahili kwa kufuata lahaja ya Kiunguja. Kiingereza kiliwekwa juu ya ngazi: madarasa ya chini yalisomeshwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kilisubiri wachache waliofaulu kupanda.

Shule ya Mwisenge, iliyokuwa shule ya bweni ya utawala wa wenyeji mjini Musoma, ndiyo iliyoiwakilisha ngazi hiyo katika eneo hili. Mwaka 1934 alipelekwa huko kijana wa miaka 12 kutoka Butiama, Kambarage, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, ambaye alifika akijua Kizanaki tu, akajifunza Kiswahili hapo hapo, na akamaliza masomo ya miaka 4 kwa miaka 3. Mwaka 1937 alijiunga na Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa machifu na kuendeshwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza, na huko Kiingereza kikawa lugha ya masomo na ya maisha ya kila siku. Safari yake kutoka Butiama hadi Mwisenge ilikuwa ya kilomita zipatazo 40. Safari yake ya lugha, kutoka Kizanaki hadi Kiswahili na kutoka Kiswahili hadi Kiingereza, ndiyo ambayo kila mwanafunzi wa Mara ameendelea kuisafiri hadi leo, ingawa wengi wameisafiri bila malezi ya bweni, bila vitabu vya kutosha na bila walimu wa kiwango kile.

Mwalimu kabla ya Mwalimu

Kambarage, aliyejulikana baadaye kama Julius Nyerere, alisomea ualimu katika Chuo cha Makerere, Uganda, kuanzia 1943 hadi 1945, na baada ya kupata stashahada yake alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, ambako masomo yake yalikuwa baiolojia na Kiingereza. Baada ya kusoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952 alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, mpaka mwaka 1955 alipolazimika kuchagua kati ya kazi hiyo na siasa. Jina la Mwalimu ambalo taifa lilimwita nalo halikuwa la sifa tu, kwa kuwa aliwahi kupitia chuo cha ualimu na kuifanya kazi ya darasani. Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na mwaka 1969 akafuatisha Mabepari wa Venisi. Kwa mwalimu wa lugha, kazi hizo zinashuhudia kwamba aliyekimudu Kiingereza kwa kina hakulazimika kukidharau Kiswahili, na kwamba lugha hizo mbili zinaweza kukaa katika akili moja zikisaidiana badala ya kufukuzana.

Wakati huo shule za sekondari katika eneo la Musoma zilikuwa chache mno. Madhehebu ya Kiprotestanti yalishirikiana kuendesha sekondari ya Alliance mjini Musoma, na Kanisa Katoliki lilikuwa na seminari yake Makoko, kando ya ziwa. Katika miaka ya kwanza ya uhuru walimu wengi wa sekondari nchini walikuwa wageni. Mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 1961, uliwaleta vijana kutoka Marekani na Uingereza ambao kwanza walipitia Makerere, kisha wakagawanywa katika shule za Tanganyika, Kenya na Uganda. Mtanzania aliyejifunza ualimu katika enzi hiyo alipata angalau faida moja: kama aliketi nyuma ya darasa la Kiingereza, alimsikia mtu ambaye lugha hiyo ilikuwa yake tangu utotoni. Alikosa, hata hivyo, jambo ambalo ni muhimu vilevile, yaani kumwona mtu aliyejifunza Kiingereza kama yeye, kwa kupitia Kizanaki au Kijita na Kiswahili, akiwaongoza wengine katika njia hiyo hiyo.

Ili kupata walimu wazalendo wa sekondari, masomo ya shahada ya ualimu yalianzishwa katika chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, na Chuo cha Ualimu cha Chang'ombe kikafunguliwa mwaka 1965. Katika vyuo vya walimu wa msingi ilizoeleka kuwa na shule ya jirani ya kujizoezea, na desturi hiyo imeacha alama katika ramani ya nchi, kwa kuwa hadi leo ziko shule za msingi zinazoitwa Mazoezi kwa sababu tu ziko karibu na chuo. Jina hilo linahifadhi wazo zuri: kwamba chuo kisikae mbali na darasa, na kwamba mwanachuo aweze kuvuka uwanja asubuhi yoyote, akaketi na kutazama.

Azimio la Musoma

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa andiko la Nyerere kuhusu Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na Kiingereza kikabaki somo. Sekondari iliendelea kwa Kiingereza. Mpango wa Pili wa Maendeleo, ulioanza mwaka 1969, ulitarajia kwamba Kiswahili kingepanda taratibu hadi sekondari. Matarajio hayo hayakutimizwa, na pengo kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza, ambalo hapo awali lilikuwa la ngazi tu, likawa pengo la lugha.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana mjini Musoma, na uamuzi wake umeingia katika historia kwa jina la mji huo. Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe ifikapo mwaka 1977, ikiwa mapema sana kuliko ilivyokuwa imepangwa, na lilitaka pia wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao wananchi waliuita kwa ufupisho wa UPE, uliongeza wanafunzi wa shule za msingi kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa muongo uliofuata. Ulikuwa uamuzi wa haki kubwa, na watoto wengi wa wakulima, wavuvi na wafugaji wa Mara walipata nafasi ambayo wazazi wao hawakuipata.

Vyuo vilivyokuwapo, hata hivyo, havingeweza kutoa walimu wa kuwatosha watoto hao. Serikali ilibuni njia ya mafunzo ya ualimu vijijini: wahitimu wa darasa la saba walichaguliwa, wakapangiwa shule za karibu, wakawa wanafundisha vipindi kadhaa kwa siku chini ya uangalizi wa walimu wenyeji huku wakijisomea kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, na baada ya takriban miaka 3 wakahitimishwa kwa mafunzo mafupi chuoni na mtihani. Makumi ya maelfu walipitia njia hiyo, na jina la walimu wa UPE likabaki katika kumbukumbu za watu, wakati mwingine kwa dharau isiyo ya haki, kwa maana bila wao madarasa yangekuwa na watoto bila mwalimu.

Utaratibu huo ulikuwa na ndugu yake wa kale. Mwaka 1846 serikali ya Uingereza ilianzisha mfumo wa wanagenzi wa ualimu, ambapo kijana wa miaka 13 alifungwa kwa mkataba wa miaka 5 na mwalimu mkuu, akafundisha mchana na kufundishwa kabla au baada ya saa za shule. Katika mifumo yote miwili kulikuwa na ahadi ya kujifunza kwa kumtazama mwenyeji, na katika yote miwili ahadi hiyo ilizidiwa na idadi ya watoto, kwa kuwa mwenyeji aliyetakiwa kutazamwa alikuwa darasani kwake mwenyewe, na mwanagenzi aliyetakiwa kutazama naye alikuwa peke yake mbele ya darasa jingine. Kwa somo la Kiingereza tatizo lilikuwa la aina ya pekee: kijana aliyemaliza darasa la saba katikati ya miaka ya 1970 alikuwa amesoma masomo yote kwa Kiswahili na Kiingereza kama somo tu, na sasa alitakiwa kuwafundisha wengine lugha ambayo hakuwahi kuitumia nje ya vipindi vyake. Azimio lililopitishwa Musoma liliwafungulia watoto mlango. Halikuwapa walimu wao muda.

Tume, ripoti na vitabu vya hadithi

Mwaka 1980 iliundwa tume ya Rais kuhusu elimu chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, na mwaka 1982 ikapendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza kuanzia mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mapema katika miaka ya 1990. Mwaka 1983 serikali ilitangaza kwamba Kiingereza kingeendelea. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walipima kiwango cha Kiingereza shuleni na kukuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kuyafuata masomo yao kwa lugha hiyo. Miaka michache baadaye ukaanzishwa mradi uliofadhiliwa na Uingereza wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza, uliosisitiza kusoma kwa wingi, yaani mwanafunzi kupewa vitabu vingi vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu ili azoee lugha kwa kuifurahia kabla ya kuitumia katika masomo mengine.

Fikra hiyo iliacha mazao yake. Vitabu vifupi vya Richard Mabala vya kidato cha kwanza na cha pili, kikiwamo kile cha Hawa, dereva wa basi, vilimpa mwanafunzi wa Tanzania Kiingereza chepesi kinachozungumzia maisha anayoyatambua. Wakati huohuo wasomi kadhaa, miongoni mwao Casmir Rubagumya, Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, waliandika kwa kirefu juu ya matatizo ya lugha ya kufundishia, na mwaka 2002 ulianza mradi wa utafiti uliowaunganisha wanazuoni wa Tanzania na Afrika Kusini juu ya suala hilohilo. Msimamo wao haukuwa wa kukipinga Kiingereza. Walionyesha kwamba kukifundisha Kiingereza ni kazi moja na kufundisha fizikia au historia kwa Kiingereza ni kazi nyingine, na kwamba ya kwanza ikiachwa bila walimu mahiri, ya pili haiwezi kufanyika.

Benchi la nyuma katika shule za kata

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulilenga kila kata iwe na shule ya sekondari, na katika Musoma Vijijini, Bunda na eneo ambalo leo ni Butiama wananchi walifyatua matofali, wakasomba mawe na kujenga madarasa kwa nguvu zao. Nchini kote wanafunzi wa sekondari waliongezeka kutoka takriban 345,000 mwaka 2003 hadi zaidi ya milioni 1.6 mwaka 2010. Kama ilivyokuwa baada ya Azimio la Musoma, walimu walitafutwa kwa haraka, wengine kwa mafunzo mafupi kiasi kwamba wananchi waliwaita vodafasta, jina lililotokana na huduma ya haraka ya simu. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, ambapo takriban wanafunzi 6 katika kila 10 walipata daraja la sifuri katika matokeo ya kwanza, ulilishtua taifa zima, na tume ikaundwa kuchunguza sababu zake.

Wanaokwenda mazoezini katika shule hizo leo hutoka vyuo vya ualimu na vyuo vikuu mbalimbali, kikiwamo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania kilichoko Mwanza, kilichoanzishwa mwaka 1998, ilhali vyuo vya serikali vya Bunda na Tarime vimeendelea kuandaa walimu ndani ya mkoa wenyewe. Mwalimu mwanafunzi wa Kiingereza anayepewa nafasi ya kuketi nyuma kabla ya kushika chaki huona mambo ambayo hakuna kitabu cha mbinu kinachoweza kumwonyesha kwa uwazi huo.

Huona kwanza jinsi hatua za andalio la somo, ambazo chuoni alizikariri moja baada ya nyingine, zinavyopindishwa na hali halisi ya kipindi cha dakika 40, ambapo kupanga madawati, kugawa vitabu vichache kwa makundi na kufuta ubao ulioachwa na somo lililotangulia hula sehemu ya muda. Huona pia jinsi mwalimu mwenyeji anavyohama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili na kurudi. Uhamaji huo una aina mbili, na kuzitofautisha ndiyo elimu yenyewe. Kuna mwalimu anayetafsiri kila sentensi, hata wanafunzi wakaacha kukisikiliza Kiingereza kwa sababu wanajua Kiswahili kinakuja. Na kuna mwalimu anayelitumia neno moja la Kiswahili kama daraja, akaeleza dhana ngumu kwa pumzi moja, kisha akarejea kwenye Kiingereza na kuwataka wanafunzi waitumie dhana hiyo kwa sentensi zao. Kutoka mbele ya darasa, mwalimu mgeni hazioni tofauti hizi; kutoka nyuma, zinaonekana katika macho na midomo ya wanafunzi.

Huona vilevile kimya. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayejibu vizuri kwa Kiswahili wakati wa mapumziko hunyamaza kipindi cha Kiingereza kinapoanza, na darasa zima hujibu kwa pamoja kwa neno moja au mawili, kiasi kwamba mwalimu anaweza kudhani ameeleweka. Yapo mafunzo ya awali ya lugha, ya majuma kadhaa, yaliyowekwa kwa ajili ya kidato cha kwanza ili kuziba pengo la lugha ya kufundishia, lakini shule isiyo na mwalimu wa kutosha wa Kiingereza huyapitisha kwa mikono ya wale waliopo.

Kisha huyasikia makosa, na akiyasikiliza kwa utulivu hugundua kwamba yana utaratibu. Kiswahili, pamoja na Kizanaki, Kijita na Kikurya, hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu, kwa kuwa yeye ni yeye, na hivyo mwanafunzi anayesimulia habari za mama yake akitumia kiwakilishi cha kiume hajakosea kwa uzembe, bali ameifuata mantiki ya lugha zake mbili za mwanzo. Kikurya hakina sauti ya l kama Kiswahili, na mzungumzaji wake huweka r mahali pake, jambo linaloendelea hadi kwenye Kiingereza. Kwa upande mwingine, lugha za Kibantu za Mara hugawa wakati uliopita kwa ngazi, zikitofautisha kilichotendeka leo, jana na zamani, na mwanafunzi anayezijua amekwisha kuwa na uzoefu wa kufikiri juu ya nyakati za vitenzi kwa umakini ambao mwalimu angeweza kuutumia. Mwalimu mwanafunzi aliyeyasikia haya kwa juma moja au mawili huingia darasani akijua atakayokutana nayo. Ambaye hakuyasikia huandika kosa kuwa ni kosa na kupiga mstari mwekundu.

Kinachotokea mara nyingi, kama wengi waliopitia mazoezi hayo wanavyofahamu, ni kwamba mwalimu mwanafunzi hupokewa kwa furaha kubwa kwa sababu shule ina upungufu, hukabidhiwa ratiba yenye vipindi vingi siku ya kwanza au ya pili, na mwalimu mwenyeji hupata nafasi ya kuhudumia mkondo mwingine uliokuwa bila mwalimu. Hakuna mwenye nia mbaya katika hilo. Mkuu wa shule anawafikiria watoto walio mbele yake, na mwalimu mwanafunzi hujisikia ameheshimiwa. Lakini tendo lenyewe ni lile lile la miaka ya UPE: mtu aliyetumwa kujifunza anageuzwa kuwa kiraka cha upungufu, na siku ambazo angemtazama mwenye uzoefu zinakwisha kabla hazijaanza.

Deni la Musoma

Katika vipindi vyote vitatu, cha misheni na ukoloni, cha Azimio la Musoma na cha shule za kata, wananchi wa Mara walizitafuta shule kwa bidii na serikali ikazijenga au kuzipokea, nao walimu wakatafutwa kwa haraka. Misheni ilikuwa na utazamaji bila uchambuzi. UPE ilikuwa na ahadi ya utazamaji iliyomezwa na idadi. Shule za kata zina utaratibu wa utazamaji ulioandikwa katika miongozo lakini usiopewa siku zake. Somo la Kiingereza ndilo lililobeba gharama kubwa, kwa sababu masomo mengine mengi ya sekondari yanasimama juu yake.

Kinachohitajika kinaweza kufanyika bila bajeti kubwa. Vyuo viweke majuma mawili ya mwanzo ya mazoezi kuwa ya kutazama tu, na viyape alama kama vinavyoupa ufundishaji, ili mwanachuo asiyaone kuwa siku za kupumzika. Mwalimu mwanafunzi wa Kiingereza awe na daftari la utazamaji ambamo ataandika maswali yaliyoulizwa, nani aliyajibu, kwa lugha gani, na kosa gani lilijirudia, na mkufunzi alikague daftari hilo kabla ya kulikagua andalio la somo. Walimu wenyeji wenye uzoefu watambuliwe kuwa walezi wa ualimu na wapunguziwe vipindi wanapolea. Wakuu wa shule, ambao mzigo wao unafahamika, wajizuie kuwapangia wageni vipindi vya kujaza pengo katika majuma hayo ya kwanza.

Mji wa Musoma umelipa taifa azimio lililowaweka watoto wote shuleni, na Butiama imelipa taifa mtu aliyeitwa Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu kweli. Eneo lenye historia hiyo lina haki, na pia wajibu, wa kuwa la kwanza kuonyesha kwamba mtoto anaweza kuketi mbele na mwalimu wake wa kesho akaketi nyuma yake, wote wawili wakijifunza katika chumba kimoja. Mwalimu mwanafunzi apewe benchi lake la nyuma, na apewe muda wa kulikalia.